Kopo, Kola na Herufi Yu

Mume wangu amenuniana na herufi kwa miaka arobaini na moja. Si jirani, si shemeji, si mwenye nyumba. Herufi. Ni ile U ya Kiingereza, wanayoitamka "yu", na hasa inaposimama nyuma ya O. Ikisimama kwingine anaivumilia, kama unavyomvumilia mgeni asiyeaga. Ikija nyuma ya O anaweka brashi chini, anapangusa mikono kwenye suruali niliyoishona mimi na nitakayoifua mimi, anasema: "Hii hapana. Mimi na hii tutaonana mbele ya Mungu."

Msidhani ni mwendawazimu. Anakula vizuri, analala vizuri, anapokea wageni kwa heshima, na mkono wake ni mkono wa ajabu. Kazi yake ni kuandika mabango ya maduka kwa brashi. Anapiga mstari mnyoofu bila rula huku anazungumza na wapita njia, na akimaliza ukienda kupima na tepu yangu, hutaona umepinda hata nywele moja. Ndiyo maana watu hawamwachi, hata wakijua kwamba neno lao litapungukiwa. Wanamwita Bwana Yu. Mwanzoni alichukia, baadaye akazoea, sasa usipomwita hivyo hageuki.

Tunafanya kazi katika chumba kimoja cha mbele. Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko upande wa dirisha, mbao zake ziko upande wa ukuta, na katikati nimechora mstari wa chaki ambao rangi yake hairuhusiwi kuuvuka. Inauvuka kila wiki. Nimewahi kumkabidhi mteja sketi ya bluu iliyopigwa pasi safi, na nyuma yake, pale pa kukalia, pana herufi R kubwa nyeupe, imegeuka kama kwenye kioo, kwa sababu bwana mkubwa aliegemeza ubao mbichi mahali pasipo pake. Nilimpa vidonge vyake siku hiyo. Akavimeza, akaniuliza kama nimeona R ilivyokaa vizuri.

Juu ya mlango wetu kuna bango langu. Alinichorea wiki niliyoolewa, miaka thelathini iliyopita: neno moja tu la Kiingereza la kutaja kazi yangu, herufi sita nyekundu zenye kivuli cha njano. Nalipenda bango hilo. Sijawahi kulisoma, maana mtu hasomi kilicho juu ya kichwa chake mwenyewe, lakini nalipenda.

Sasa mwone alichoufanyia mji huu. Mwenye duka la unga aliomba neno la unga kwa Kiingereza, "flour", akapata FLOR. Kikundi chetu cha akina mama, mimi mwenyewe nikiwa mweka funguo, tuliomba "group", tukapata GROP, tukakaa chini ya GROP miaka tisa tukifanya mikutano. Lakini aliyepata kubwa kuliko wote ni mwenye nyumba ya wageni. Alitaka "guest house". Akapewa GUEST HOSE. Kumbe bila ile U, hilo la pili ni mpira wa kumwagilia maji.

Wiki ile ile akaja mtu kuuliza mpira wa mita ishirini. Kesho yake wakaja wawili. Mwenye nyumba ya wageni alikuja kwetu mbio, jasho linamtiririka.

"Bwana Yu, umeniua! Watu hawataki vitanda, wanataka mipira!"

"Unawajibuje?" mume wangu akamuuliza, bila kugeuka.

"Nawafukuza!"

"Ndugu yangu, mteja hafukuzwi."

Alirudi akitukana. Mwezi mmoja baadaye alinunua bunda moja la mipira akaliweka mapokezi, kwa hasira tu, ili watu wamwache. Siku hizi vyumba viwili vya wageni ni stoo ya mipira.

Mtu akiniuliza kisa cha haya yote, namwambia: imla. Wengine mmesahau imla. Mwalimu anasoma neno kwa sauti, ninyi mnaandika. Mume wangu alipokuwa na miaka kumi na tatu alifanya mtihani wa imla ya Kiingereza, maneno hamsini, na aliyepata arobaini ndiye aliyeendelea na masomo. Yeye alipata thelathini na tisa.

Neno lililomwangusha lilikuwa la rangi. Waliosoma wasinicheke bado: "colour". Yeye aliandika "color". Na hakuliandika kwa kubahatisha. Baba yake, marehemu baba mkwe, naye alikuwa mwandika mabango, na ndani ya nyumba yao kulikuwa na kopo moja la rangi lililotoka mbali, limeandikwa COLOR kwa herufi nene. Mtoto alijifunzia kusoma kwenye kopo lile, limewekwa mapajani, kidole cha baba kikitembea juu ya herufi. Katika maneno yote hamsini, hilo ndilo aliloliandika bila kusitasita. Mwalimu akalipiga mkasi mwekundu, alama ya kosa, na juu yake akachora U kubwa iliyopinda kama ndoana.

Baba mkwe alionyeshwa karatasi. Alitafuta msumari, akalikwangua neno lile kutoka kwenye kopo, akakwangua hadi bati likatoka jeupe. Kisha akasema: "Ni kopo langu lililokufelisha."

Akalisema tena kesho yake. Akaendelea kulisema miaka yote, kwa wageni, kwa mafundi wenzake, kwa mtu aliyekuja kuuliza njia. Siku aliyokata roho nilikuwa pale, nina miaka miwili ya ndoa, nimeshika kikombe cha maji. Watu wanasubiri wosia. Alimwangalia mwanawe, akasema: "Kopo lile, mwanangu. Nisamehe." Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho ya mtu aliyeandika nusu ya mji.

Tulipotoka kuzika, mume wangu aliapa kwamba hataandika tena U nyuma ya O, hata akiandikiwa na daktari.

Mtasema: si angefungua kamusi tu, akaangalia nani alikuwa sahihi? Hapo ndipo penyewe. Alikuwa anaogopa. Watu walimwambia mara nyingi kwamba Waamerika wanaandika hivyo hivyo, bila U. Binti yetu alimwonyesha kwenye simu. Akajibu: "Simu hii hii iliyokuandikia mama yako ameokwa badala ya ameokoka?" Ukweli ni kwamba kusikia kwa watu kulimpa matumaini, na matumaini yalimtosha. Kamusi ingeweza kumwambia kwamba baba yake alikosea kweli. Alikuwa anaipita meza yenye kamusi kama mtu anavyopita bahasha ya majibu ya hospitali.

Basi, ni mimi niliyemletea kamusi ndani, bila kujua.

Mimi hununua karatasi kuukuu kwa ajili ya pateni. Pateni ni ile karatasi unayoiweka juu ya kitambaa ili ukate kwa kuifuata. Kila fundi anazo zake, na zikichakaa anakata nyingine. Muuza karatasi akaniletea rundo, na ndani yake limo dude kubwa lisilo na jalada, kurasa pana, maandishi madogo kama mchele. Sikulijali. Nikachana ukurasa mmoja, nikaukunja, nikakata pateni ya nusu kola, nikaibana kwa pini juu ya kitambaa cha mteja. Nikashika mkasi.

Mume wangu akavuka mstari wa chaki kutafuta tambara lake. Akainama. Hakuinuka.

"Mama watoto," akasema. Sauti haikuwa yake. "Hii umeitoa wapi?"

"Hii nini? Hebu toka, unaniziba mwanga."

"Hii kola."

Nikaangalia. Huku nyuma ya shingo kulikuwa na maelezo ya neno "collar", yaani kola yenyewe, ambayo sisi tumeichukua tukaiandika inavyotamkwa, tukamalizana nayo. Na kule mwisho, kwenye ncha ya kola, pale panapopigwa pasi kwa uangalifu, kulikuwa na mstari mmoja mdogo: "color". Na mbele yake maelezo kwamba ndivyo linavyoandikwa Amerika.

Alikaa juu ya rundo la nguo zisizopigwa pasi. Alisoma. Akanipa nisome. Akanipokonya, akasoma tena.

"Kwa hiyo ni sahihi."

"Ndiyo hiyo, imeandikwa."

"Kopo lilikuwa sahihi."

Akalia. Sikumwona akilia hata siku ya mazishi ya baba yake, lakini pale, juu ya nguo za watu, alilia kwa sauti, na kola ya karatasi ameishika kwa vidole viwili. Ningelia naye kama hangekuwa ameing'oa na pini zake, huku mkasi wangu uko katikati ya kazi. Mteja yule alipata shati ambalo kola ya kushoto ni ndefu kuliko ya kulia. Nilimwambia ni mtindo. Nasikia kuna wawili wamemuuliza anashonesha wapi.

Baada ya hapo kamusi haikufungwa tena. Wiki mbili nzima mimi nakanyaga cherehani, yeye ananisomea. Mtu aliyeikimbia miaka arobaini na moja sasa alikuwa anaifukuzia.

"Mama watoto, unajua shati na sketi ni ndugu?"

"Hawafanani."

"Kwa Kiingereza chao, 'shirt' na 'skirt' zamani lilikuwa neno moja. Likagawanyika. Moja likapanda juu kifuani, moja likashuka kiunoni."

"Na aliyebaki katikati?"

"Mshipi," akajibu, bila kucheka.

Siku nyingine akaja juu kwa ajili ya kisu. Kisu chao wanakianza kwa K, "knife", na hiyo K haisemi neno. Kamusi ikamwambia kwamba zamani ilisemwa. "Umeona?" akaniambia. "Amestaafu, lakini kila asubuhi anakuja kazini, anakaa kwenye kiti chake, na hakuna anayethubutu kumwambia aende nyumbani." Kisha akafika kwa kanali. Kumbe Waingereza wanamwandika kanali kwa L, "colonel", na kumtamka kwa R, kwa sababu neno liliwajia kwa njia mbili, wakachukua maandishi ya mmoja na sauti ya mwingine. Hilo lilimfurahisha siku nzima. Alikuwa anasimama mlangoni anawaambia wapita njia: "Watu wazima! Wenye majeshi! Wameshindwa kuamua!" Halafu anarudi ndani kusifia neno letu la rangi, R-A-N-G-I, kwamba herufi tano zote ziko kazini na hakuna hata moja iliyokuja kuota jua. Nikamwambia nalo limetoka Uajemi. Akasema limetoka Uajemi lakini limekuja na adabu zake.

Nilidhani yangeishia hapo. Asubuhi moja nikamkuta amevaa shati la kutokea.

"Nakwenda kwa mwalimu wangu," akasema. "Nakwenda kuchukua alama yangu."

"Alama ipi?"

"Ya arobaini."

"Mume wangu, una miaka hamsini na nne."

"Kwani imeoza?"

Haambiliki, hasemezeki. Alitia vitu vitatu ndani ya mfuko: karatasi ya imla iliyokunjwa hadi imekuwa laini kama kitambaa, kola yangu ya karatasi, na kopo la baba yake, ambalo mahali pa neno palikuwa na kipara cheupe. Nikafunika cherehani, nikavaa viatu. Mtu anayekwenda kudai alama baada ya miaka arobaini na moja haachwi atembee peke yake.

Tulifunguliwa na mkamwana wa mwalimu, mama mmoja mpole mwenye unga mikononi. Alitupeleka uani. Mwalimu alikuwa amepita themanini, amekaa kwenye kiti cha kamba, miwani imefungwa kwa uzi, na mapajani ana gazeti analolisahihisha kwa kalamu nyekundu. Pembeni yake kulikuwa na rundo la magazeti yaliyokwisha kusahihishwa. "Anayarudisha kwa wenyewe," mkamwana akaninong'oneza. "Kila Ijumaa natumwa posta."

"Shikamoo mwalimu," mume wangu akasema, na ghafla mikono yake ikawa nyuma, kama ya mtoto.

"Marahaba. Wewe ni nani?"

Akajieleza: mwaka, darasa, dawati, dirisha alilokuwa karibu nalo. Mwalimu akatikisa kichwa. Hakumkumbuka hata kidogo. Wanasema mtenda husahau, mtendewa hasahau, nami nilimwangalia mzee yule nikatamani kumpiga na kopo.

Mume wangu akaitandaza karatasi juu ya gazeti. Akaweka kola juu yake.

"Hii ni kola," mwalimu akasema.

"Ndiyo mwalimu. Tafadhali soma nchani."

Mwalimu akaiinua karibu na miwani. Akasoma. Akaigeuza upande wa pili, ambako kulikuwa na mambo mengine, akairudisha. Kuku mmoja akapita, hakuna aliyemfukuza.

"Na hilo kopo?"

"Ndilo nililosomea, mwalimu. Liliandikwa hivyo hivyo."

"Mbona halina kitu?"

Mume wangu akanigeukia. Nikasema mimi. Nilimweleza habari ya msumari, nikamweleza habari ya wageni walioambiwa, nikamweleza habari ya kikombe cha maji na maneno ya mwisho. Sikumpambia. Nilikuwa na hasira, na mwenye hasira husema mafupi. Nikamaliza hivi: "Baba mkwe amekufa akijua kwamba yeye ndiye aliyemfelisha mwanawe, kwa sababu ya ndoana yako hii."

Mzee alivua miwani. Alikaa nayo mkononi, uzi unaning'inia. Alipapasa kile kipara cha kopo kwa kidole gumba.

"Mimi nilifundishwa kwamba njia ni moja," akasema taratibu. "Sikujua kama kuna nyingine. Nilipokuja kujua, sikukumbuka nilikuwa nimemkata nani." Akavaa miwani. "Kopo halikukosea. Marehemu hakukosea. Neno hili ni zima."

Akachukua kalamu nyekundu, akaufuta mkasi wake, akaikata ile U, akaweka vema. Kule juu, kwenye thelathini na tisa, akapiga mstari, akaandika 40. Mume wangu akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hafanyi. Nilifurahi hadi nikamsamehe ile R ya kwenye sketi.

Tungeondoka hapo hapo. Lakini mwalimu alikuwa na karatasi mbele yake na kalamu mkononi, na mtu wa namna hiyo huwezi kumwachia karatasi. Jicho lake lilikuwa limeanza kushuka.

"Ngoja," akasema.

"Mwalimu?"

"Neno la thelathini na moja. Hili nililipitishaje?"

Tukainama wote watatu, mkamwana akawa wa nne. Neno la thelathini na moja lilikuwa la fundi wa nguo. Fundi cherehani. Mimi. Mume wangu alikuwa ameandika "tailer".

"Ni O," mwalimu akasema kwa huzuni. "T-A-I-L-O-R. Hili halina njia mbili. Hata Amerika."

Kwanza sikuelewa. Kisha nikaliona akilini bango langu, juu ya mlango wangu, herufi sita nyekundu zenye kivuli cha njano, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikalisoma.

"Bwana we!" nikasema. "Miaka thelathini!"

"Mama watoto..."

"Miaka thelathini nimekaa chini ya kosa! Yule mzungu aliyesimama akacheka, nikadhani anafurahia kivuli cha njano, nikampungia mkono!"

"Nami nilidhani ni sahihi."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna," akasema. "Nililibuni mwenyewe, pale pale mtihanini."

Mwalimu alikuwa amekwisha kulipiga mkasi. Mkono ulimtangulia. Alama ya arobaini ikakatwa, ikarudi thelathini na tisa, chini ya ile ya zamani. Yeye mwenyewe aliona alichofanya, akashtuka.

"La, la," akasema. "Nilikosea mimi wakati ule kulipitisha. Kosa la mwalimu humnufaisha mwanafunzi. Nalifumbia macho. Chukua arobaini yako, mwanangu, uende kwa amani."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anaiangalia karatasi. Nikaogopa, maana nilimwona ameng'ang'ania mfuko kwa nguvu, nikajua sasa ataanguka, na mimi nimetoka kumfokea mbele ya watu. Kumbe alikuwa anajizuia kucheka. Kicheko kikamshinda. Alicheka akashika mbavu, akakaa chini kwenye udongo na shati lake la kutokea.

"Mwalimu," akasema akipata pumzi, "kwa hiyo neno la kopo ni sahihi."

"Ni sahihi."

"Na nimepata thelathini na tisa."

"Ukitaka niseme kweli, ndiyo."

"Basi nimefeli mwenyewe!" Akanigeukia, machozi yanamtoka. "Umesikia, mama watoto? Si kopo! Si baba! Ni mimi! Nimefeli kwa upumbavu wangu mwenyewe!"

Ukiikagua hesabu yake utaona ina mashimo. Kwa karatasi ya siku ile, ingekuwepo U kwenye kopo, mtoto angepita, maana lile kosa la pili halikuonekana. Mimi niliona palepale, sisahihishi magazeti lakini kukata na kupima ni kazi yangu. Nikaimeza. Sijawahi kumeza kitu kwa furaha namna ile.

"Nikupe arobaini," mwalimu alisihi. "Uzee huu, nipe nafasi."

"Mwalimu, nakuheshimu kama mzazi," mume wangu akasema, akijipangusa vumbi. "Lakini thelathini na tisa yangu usiiguse."

Mwalimu akaandika 39 upya, kwa mwandiko mzuri, akatia sahihi na tarehe ya leo. Alitusindikiza hadi mlangoni kwa mkongojo. Hapo akauliza marehemu amezikwa wapi, na mume wangu akamweleza njia.

Njiani nilirudia kumfokea, kwa sababu hasira ya miaka thelathini haiishi uani kwa mtu. Alikubali kila kitu. Tulipofika hakuingia hata ndani, alitoa ngazi, akachanganya rangi nyekundu, akapanda. Nilimshikia ngazi. Aliizungushia E chaki, akainua brashi.

Niliangalia juu. Nikawafikiria watu wote waliopita chini ya hiyo E na nguo zao mkononi. Na nikamkumbuka baba mkwe, jinsi alivyoniangalia na mimi pia, siku ile, kana kwamba hata mkwe anapaswa kuombwa radhi.

"Shuka," nikasema.

"Lakini ni kosa."

"Najua ni kosa. Ndilo lililomtoa baba kwenye lawama. Shuka, nitakaa chini yake."

Akashuka.

Kesho yake alizunguka mji na brashi kurudisha U alizozinyima watu. Duka la unga likapata yake. GROP ikapata kijiherufi chembamba kilichobanwa kati ya O na P, akina mama wakasema angalau kimekaa. Mwenye nyumba ya wageni alikataa katakata. Alisimama mbele ya bango lake amenyoosha mikono, akasema akiona U hapo ataita polisi.

Jioni nilimkuta amekaa upande wake wa chumba, kopo la baba yake liko mapajani. Alichukua brashi nyembamba kuliko zote. Kwenye kile kipara, bila rula, akaandika C, akaandika O, akapumua, akaandika L, O, R. Kisha akavuka mstari wa chaki, akaliweka juu ya meza ya cherehani yangu, kando ya kitambaa cheupe cha mteja, na rangi bado mbichi.

Nilisogeza kitambaa.